Tiki Niliyoitoa Ijumaa

Mimi ndiye niliyeitoa ile tiki. Nimelikana jambo hili mbele ya karani wetu, mbele ya mkuu wa ofisi, na mbele ya shoga yangu ambaye alikuwa na haki ya kujua kuliko wote. Kwa muda nililikana hata nilipokuwa peke yangu, bila ya mtu kuniuliza, na hiyo ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa mwanamke mwenye shahada mbili anayeishi kwa kusahihisha makosa ya wengine.

Ofisi yetu ni vyumba vitatu ghorofani, Mji wa Kale, juu ya duka la mshona kofia. Tunarekodi watu wazima wakieleza jinsi mambo ya nyumbani yalivyofanywa: uzazi, harusi, mapishi, uchongaji wa milango. Mimi ni mhariri. Maana yake ni kwamba huketi na vipokea sauti masikioni nikiandika yale ambayo wengine wameyasema vizuri zaidi yangu. Sauti zote tuliziweka katika kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma, ndani ya folda tuliyoiita Sauti, kwa kuwa siku ya kuipa jina hatukuwa na jingine.

Fundi mmoja, aliyekuja mara moja na hakurudi tena, alitutilia programu ya bekapu. Kazi yake ni kunakili kila kitu upya kwenda diski ya pili, ikifuta nakala ya wiki iliyotangulia, ili ya kwanza ikifa tusibaki mikono mitupu. Aliipanga ianze kila Ijumaa saa nne asubuhi. Hakuwa mtu wa hapa, wala hakuuliza.

Kwetu, Ijumaa ikifika saa tano na nusu, mkuu wa ofisi hushuka ngazini akazima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kubwa. Nyumba ni kongwe, nyaya zake zimepita mikono mingi, na mara moja aliona moshi ukitoka ukutani. Tangu siku hiyo hakubali nyumba ibaki na umeme watu wakiwa msikitini. Kompyuta huvikwa leso kuukuu kwa ajili ya chumvi ya hewa, mlango hufungwa, na hatuonani tena mpaka Jumamosi.

Mwanzoni bekapu ilimaliza mapema, ikawa haina neno. Kisha sauti zikawa nyingi. Mzee mmoja tu akieleza kukata mninga hujaza saa nne, na hapo hajafika kwenye bawaba. Bekapu ikawa inakatwa njiani kila Ijumaa, na kila Jumamosi tukifungua kompyuta tunakuta ujumbe mwekundu: haikukamilika. Mkuu alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu, anausoma, anashusha pumzi, anaondoka. Sijui kama mmewahi kushushiwa pumzi na mtu mpole. Ni bora kutukanwa.

Ningeweza kuihamisha iwe Alhamisi. Sentensi hiyo nimeiandika kwa sekunde tano na ilinichukua miaka kuifikiria. Ratiba ile niliiona kama mwezi mwandamo, kitu cha kungojewa tu.

Basi Ijumaa moja nikafungua programu. Nikaona orodha ya folda, kila moja na kijisanduku chake na tiki ndani. Nikaona ni ipi iliyo kubwa. Nikaitoa tiki yake. Bekapu ikamaliza kwa dakika tisa, na Jumamosi tukakuta ujumbe wa kijani.

Karani wetu aliuangalia ule ukijani kwa muda mrefu. Alikuwa mama wa Kitaita, aliyepiga taipu ofisi za reli miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na hakuna kitu kilichomtia wasiwasi kama jambo lililojitengeneza lenyewe.

"Imepona?" akaniuliza.

"Imepona."

"Umeigusa?"

"Sijagusa kitu, mama."

"Ehe," akasema, na akarudi kwenye meza yake ya mlangoni, inayotazamana na kioo cha ngazini kinachoonyesha mpaka chumba cha nyuma.

Mkuu alinishukuru mbele ya watu. Nilizipokea shukrani kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ule ndio unaoniudhi hadi leo. Nilijiambia tiki nitairudisha wiki ijayo. Wiki ijayo kulikuwa na kijani. Iliyofuata vilevile. Karani alistaafu, tukamkatia keki, akaenda zake nyumbani kwake Tudor na mkoba wake, na mimi nikasahau kwamba kuna kitu cha kukumbuka.

Sasa nimtaje shoga yangu, kwa sababu bila yeye hii ingekuwa habari ya mashine tu. Tumesoma pamoja tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na mamake alinilea nusu ya utoto wangu. Mama huyo, ambaye mtaa mzima tulimwita bibi, ndiye aliyekuwa akiwatoa arobaini watoto wa ukoo wao. Siku ya arobaini tangu mtoto azaliwe alimpakata, akaanza naye mlangoni, akazunguka naye nyumba nzima, na kila mahali alimwambia jina la mahali hapo, kazi yake, na maneno yake mwenyewe. Hapa ni mlango, watu huingia na salamu. Hapa ni kisima. Hapa ni ngazi. Mengine ni ya kusema, mengine ni ya kuimba, na mpangilio wake ni mmoja tu. Kila mtu wa nyumba ile amezungushwa hivyo na hakuna hata mmoja aliyejifunza, kwani bibi alikuwepo siku zote.

Mimi nilimrekodi, kabla karani hajastaafu. Alasiri tatu nilimfuata chumba hadi chumba na kinasa sauti, yeye amepakata mto uliofungwa leso mahali pa mtoto. Mwaka uliofuata akafariki. Kisha bintiye shoga yangu akajifungua mtoto wa kike, wa kwanza kuzaliwa bila bibi nyumbani.

Shoga yangu alikuja ofisini mtoto akiwa na siku kumi na mbili.

"Mimi nakumbuka mlangoni na jikoni," akaniambia. "Katikati najua kuna kisima, na kuna maneno ya ngazini. Sikuwahi kusikiliza, shoga. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa nikipika."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Nitakutolea leo hii."

Nikaiwasha kompyuta kubwa mbele yake. Ikatoa sauti ya mtu anayekwangua ukoko wa wali kwenye sufuria, kisha ikanyamaza. Sikushtuka. Nikasema, na nakumbuka nilisema kwa fahari, "Hata hii ikifa, tuna bekapu." Nikafungua diski ya pili. Barua zilikuwepo. Picha zilikuwepo. Sauti haikuwepo.

Nilijua papo hapo. Nikamgeukia mwanamke niliyecheza naye kibe uani kwao, nikamwambia ni joto. Joto la Mombasa, nikasema, huharibu mashine. Akaniamini. Jioni nikamwambia mkuu ni umeme, na siku ya pili nikaongeza kwamba huenda yule fundi wa kwanza aliipanga vibaya, maskini, mtu ambaye kosa lake lilikuwa kutojua Ijumaa yetu tu.

Diski iliyokufa ilipelekwa kwa watu watatu na watatu wote waliirudisha. Siku ya thelathini na tano tangu mtoto azaliwe, zikibaki tano tu, mkuu, ambaye ni mpole lakini si mjinga, alimwita fundi mwingine aje atazame bekapu zetu zimepangwaje, mashine zote, atuandikie ripoti. Nilijitolea kumsaidia. Nilitaka kuwa karibu na ripoti ile.

Alikuja binti mmoja wa Makadara, wa miaka thelathini hivi, buibui lake limekunjwa mikono, na pakiti ya mabuyu ya sukari na rangi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, akakataa kugusa kibodi mpaka anawe. Nilimwambia ni joto la Mombasa, nikamfungulia programu, nikaanza kumwonyesha pale penye vijisanduku.

"Hapana, mwalimu," akasema. Mimi si mwalimu, lakini aliiona miwani. "Huo ni uso wake. Nikianza kubofya kimoja kimoja kwa mashine zote tutalala hapa. Mimi hupitia mlango wa uani."

Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe, akaanza kuandika. Kitu hicho alikiita skripti: amri zilizopangwa mstari chini ya mstari, mashine izifuate yenyewe. Hazikuzidi mistari ishirini. Nilimwomba anisomee, akanisomea kwa sauti, huku akitafuna. Iendee kila kompyuta ya nyumba hii. Iulize ina kazi gani za bekapu. Kwa kila kazi, sema inanakili nini, inaacha nini, siku gani, saa ngapi, inapeleka wapi, mara ya mwisho ilifaulu lini, na nani aliyeibadilisha mwisho. Ukimaliza, andika yote mahali pamoja.

"Hakuna zaidi?" nikauliza.

"Wataka zaidi ya hayo?"

Akabonyeza. Maneno meupe yakaanza kushuka kwenye weusi, kwa Kiingereza, nami nayafasiri hapa. Kazi: Ofisi. Inanakili: Barua, Picha, Ratiba. Inaacha: Sauti. Siku: Ijumaa, saa nne. Matokeo: imefaulu. Aliyebadilisha mwisho: mhariri. Na tarehe.

Mhariri katika ofisi ile ni mmoja.

Nilitakiwa kuona haya, na niliona. Lakini lazima niseme ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza: juu ya haya kulikuwa na kitu kingine kikubwa zaidi, nikabaki nimesimama nimeduwaa. Miaka yote ile mashine ilijua. Haikuficha wala haikusema, na kila Ijumaa ilifanya uzembe wangu kwa uaminifu kamili, kisha ikatoa taarifa ya kweli kwamba imefaulu kufanya nilichoiambia. Hakuna aliyeiuliza niliiambia nini. Na sasa mistari michache imepita chumba hadi chumba, kwa mpangilio mmoja, ikitaja kila kitu kwa jina lake na kazi yake, nami nilikuwa nimeshaona mambo hayo yakifanywa hivyo hivyo, na mwanamke mwenye mto mikononi. Sikutegemea kumkumbuka bibi mbele ya dirisha jeusi. Nikavua miwani nikaifuta ingawa ilikuwa safi.

Binti alikuwa ananitazama.

"Kumbe joto la Mombasa latumia jina la mhariri," akasema.

"Utaandika hivyo?"

"Mimi naandika ripoti, mwalimu. Ufafanuzi utautoa mwenyewe." Akatia buyu jingine mdomoni. "Ngoja, haijamaliza. Kuna mashine nyingine."

Ilikuwa ni ile ya meza ya mlangoni, aliyokuwa akiitumia karani. Tangu astaafu tunaitumia kuchapishia tu, na imefunikwa leso muda wote. Skripti iliigonga nayo ikajibu.

Kazi: Nakala ya tatu. Inanakili: Sauti. Inaacha: hakuna. Siku: Ijumaa, saa tatu asubuhi, vipya tu. Inapeleka: diski iitwayo MKOBA. Bila kufunga. Mara ya mwisho kufaulu: ile wiki ya keki. Na baada ya hapo, mstari mmoja kwa kila Ijumaa, ukurasa mzima na zaidi: diski haipo. Diski haipo. Diski haipo.

Nilikwenda nikainua leso. Kwenye skrini kulikuwa na kijiujumbe chekundu pembeni, nami nikakumbuka kwamba nimeshakifunga mara nyingi ili nipate kuchapisha.

"Bila kufunga maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake faili ziko vile vile zilivyo. Hata televisheni itazisoma. Na huyu alikuwa na akili, ananakili vipya tu, hata nusu saa haifiki. Nyinyi kule mlikuwa mkibeba nyumba nzima kila wiki." Akaligonga neno MKOBA kwa ukucha. "Lakini hii ndiyo nini? Sijawahi kuona diski ya jina hili."

Mimi nilikuwa nimewahi kuuona. Ulikuwa mweusi, wa ngozi, kishikizo chake kimekatika na kufungwa kwa utepe wa taipureta, na ndani yake mlitoka sindano, dawa ya kichwa, viatu vya akiba na biskuti. Miaka yote sikumwona karani ameuacha ofisini hata kwa chakula cha mchana. Tulikuwa tukimcheka.

Hodi ikapigwa, akaingia shoga yangu. Alikuja kila siku mbili, na siku hizi hakuuliza tena. Alikuwa anakaa tu, anatutazama. Binti wa Makadara akanitazama mimi. Nikasema, "Kuna mahali pamoja tu hatujapatafuta," na nikaogopa kusema zaidi. Diski zinakufa. Watu wanahama. Karani mwenyewe sijui kama alikuwa mzima. Keki tulimkatia, simu hatukumpigia.

Nikapiga, nikaweka simu mezani kwa sauti ya juu ili tusikie sote watatu. Ililia sana. Kisha ikapokewa.

"Mhariri," akasema. "Leo umenikumbuka."

"U hali gani, mama? Samahani, nimepotea."

"Mimi sijapotea. Niko hapa hapa Tudor. Sema."

"Mama, ule mkoba wako."

"Upo."

"Ndani yake kulikuwa na diski."

Tukasikia kiti kikivutwa.

"Imewachukua muda kuiulizia," akasema. "Haimo mkobani. Nimeiweka kwenye bati la biskuti, ndani ya mchele, isiliwe na chumvi. Kila mwezi nabadilisha mchele, ule wa zamani nawatupia njiwa. Hapa jirani wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa."

Shoga yangu aliegemea meza kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukutuambia, mama?" nikauliza, na nilitamani swali lile lirudi kinywani kabla halijafika Tudor.

"Nimwambie nani? Nilikuuliza umegusa, ukaniambia hujagusa. Nami nilikuwa nimeshakuona kwenye kile kioo cha ngazini, ukitoa. Basi nikajua ile folda haina mwenyewe, nikaichukua mimi." Akakohoa. "Reli tulikuwa tukipiga nakala tatu. Ya kwanza ya mkubwa, ya pili ya faili. Ya tatu ni ya siku ile mtu atakaposema hakugusa."

Binti wa Makadara akaacha kutafuna. Shoga yangu aligeuza uso wake kwangu taratibu, na hapakuwa na pahali pengine pa kutazama katika chumba kile ila kwake.

"Niliigusa," nikasema. "Si joto. Niliitoa mimi."

Alivuta kiti, akakaa mbele ya simu.

"Wewe tutaonana," akasema. Kisha akainamia simu. "Mama, mimi ni binti wa yule bibi wa kisima. Alasiri tatu, na mto. Imo?"

"Ngoja niitie kwenye televisheni, mwanangu. Yasoma mpaka nyimbo za kwaya yangu." Tukasikia mchele ukimwagika kwenye sinia, punje punje, na mkono ukipapasa. Tukasikia kitu kikichomekwa. Akasoma majina kwa sauti, moja moja, kama aliyeshika kitabu cha mahudhurio: milango moja, milango mbili, mapishi, harusi. Kisha akasema, "Hii hapa," na akaisogeza simu karibu na televisheni, maana kukaja mvumo, na nyuma yake kunguru, na mtu anashusha kikombe.

"Hiki kidude chawaka?" sauti ikauliza.

"Chawaka, bibi," nikajibu mimi, kutoka miaka ile.

"Basi nipa huo mto. Nawe usisimame hapo kama mgeni. Sogea. Twaanza mlangoni."